Mashine ya Bungoma

Mwaka wa 1974 nilikuwa na miaka kumi na tatu, na hapo ndipo shida ilianza. Baba alikufa wakati wa kupanda, na kufika wakati wa palizi mimi sikuwa shuleni tena, nilikuwa napalilia miwa ya watu. Nilikuwa darasa la tatu kwa sababu nilichelewa kuanza. Hilo darasa la tatu ndilo nimetembea nalo mpaka leo. Nasoma polepole. Kuandika naandika, ingawa mwandiko wangu ni kama kuku ameparura.

Miaka ya katikati sitaisema sana. Niliolewa Matulo, nikazaa binti mmoja, mume akafa. Shemeji yangu, ndugu mkubwa wa marehemu, alitaka kunirithi pamoja na viti na sufuria. Nilimwambia achukue viti. Nikabeba mtoto na sufuria nikaja Kitale, nikapanga Kipsongo kwenye nyumba ya mabati na makaratasi. Nilifua nguo za watu. Niliuza mitumba. Mwisho nikanunua televisheni na deki ya video kwa mwalimu aliyekuwa anahamishwa, nikapanga chumba mjini, nikaanza kuonyesha watu sinema. Walisema ati mwanamke hawezi kuendesha chumba cha video. Nilikiendesha miaka tisa, na wale waliosema walikuwa wanalipa mlangoni kama wengine.

Kisha watu wakachoka na kanda. Wakataka gemu za mpira, zile za kushika pedi mkononi na kubonyeza. Nikanunua mashine moja, imetumika, nikaiweka pale deki ilikuwa. Ilinilisha. Ililipa karo ya binti yangu mpaka akamaliza kidato cha nne.

Haya ninayoandika ni ya mwaka wa 2009, na mpaka sasa sijayaelewa vizuri. Labda nikiyaandika yatakaa kwenye mstari.

Mwezi wa saba mwaka huo mashine yangu ilikufa jicho. Ndani ya mashine kuna kitu kidogo kama jicho ambacho kinasoma sidi, na jicho likichoka mashine haioni. Mwanzo tulikuwa tunaiwasha ikiwa imelala upande. Halafu tukaipindua kichwa chini, na ikasoma wiki mbili hivyo, kama popo. Halafu hata kichwa chini ikakataa. Fundi alifungua, akafunga, akaniambia, "Mama, hii tuzike."

Shule zilikuwa zinafungwa mwezi wa nane, na mwezi wa nane ndio mavuno yangu. Mwenye nyumba, Mhindi mmoja wa duka la vyuma, alikuja akasimama mlangoni akaangalia viti vitupu. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, chumba bila mashine ni stoo," akasema. "Mimi niko na mtu anataka stoo."

"Ngoja shule zifunge."

"Nitangoja shule zifunge. Shule ikifunga na mashine hakuna, nampatia stoo yake."

Kwa hivyo nilikuwa na wiki tatu za kupata mashine, ama nirudi kufua nguo za watu nikiwa na miaka arobaini na minane. Mashine mpya ya dukani ilikuwa elfu kumi na tano. Mimi nilikuwa na elfu mbili na kitu.

Sikumwambia binti yangu. Alikuwa ameolewa upande wa Bungoma mwaka uliotangulia, na mtu wake alikuwa bado hajamaliza mahari. Ng'ombe walikuwa wameenda Matulo kwa shemeji, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, hata kama karo nililipa mimi. Siku ile wazee walikuja kuongea, mimi nilikuwa jikoni. Yule kijana nilimwona mgongo tu, mgongo mpana wenye shati la mistari. Sasa kama ningemwambia binti mashine imekufa, angemwambia mume wake, mume angewaambia wazee, na shemeji angekaa kwenye kiti changu kule Matulo acheke.

Jirani ya chumba changu kulikuwa na saiba, chumba cha kompyuta za kulipia, na msichana aliyeiendesha alikuwa anakuja kwangu kuazima jiko. Aliona nimekaa.

"Mama, si utafute kwa mtandao? Watu wanauza vitu vyao vya zamani huko. Mashine, sidi, kanda, kila kitu."

"Hao watu wako wapi?"

"Kila mahali."

"Kila mahali si mahali. Soko liko wapi? Nikishuka kwa gari nashukia wapi?"

Akacheka, akanikalisha mbele ya kompyuta. Picha zikashuka moja baada ya nyingine, viatu, friji, mbwa, shamba, mashine ya gemu, tena mbwa. Niliuliza ni nani amepanga vitu hivyo bila adabu. Akasema hakuna. Niliuliza kanjo, yule askari wa manispaa, anatoza ushuru saa ngapi. Akasema hakuna kanjo. Hapo nikashika mkoba wangu vizuri. Mimi nimeuza kando ya barabara Kitale, nimekimbizwa na kanjo mpaka nikavunja kiatu, na sijawahi kuona soko lisilo na kanjo. Mahali hata kanjo hajaweza kufika, nilifikiri, mtu mwaminifu anafanya nini huko?

Lakini sikuwa na njia nyingine. Akaniambia kwanza niuze, ndio nipate pesa ya kununua. Nilikuwa na deki ya video na katoni mbili za kanda. Akapiga picha kwa simu yake, akaandika tangazo. Nilimwambia aandike kwamba kanda tatu zimekatika katikati.

"Mama, hiyo hatuandiki."

"Mtu akija akipata zimekatika?"

"Haji hapa. Unamtumia."

"Nimtumie mtu kitu kibovu na simjui? Andika."

Akaandika. Siku ya nne mwanamke alipiga simu, sauti ya mtu anayefundisha, akauliza kama vitu bado viko. Nilimwambia kama vingekuwa vimeenda nisingekuwa nimeviweka. Tulibishana bei siku mbili, tukakubaliana elfu mbili na nusu. Nikamwuliza nitume na basi la wapi, la Nairobi ama la Kisumu.

"Mimi niko Saboti," akasema.

Saboti. Saboti naweza kwenda asubuhi nirudi kabla chai haijapoa. Na alipokuja kuchukua nilimjua uso, kwa sababu kila Jumamosi alikuwa anapita mbele ya mlango wangu na kikapu, na mlangoni kwangu kulikuwa na kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu, DEKI NA KANDA ZINAUZWA. Kilikaa pale mwaka mzima. Nilimwuliza kwa nini hakuingia.

"Sikukiona," akasema. "Nilikuwa natafuta kwa mtandao."

Nilifikiria hilo jambo sana. Mtu anapita karibu na wewe hakuoni, anaenda mpaka kwenye kompyuta ndio akuone. Siku hizo sikuwa na wakati wa kulitafutia jibu, kwa sababu kesho yake msichana wa saiba aliniita haraka.

"Mama, mashine. Bungoma."

Ilikuwa pichani juu ya kitambaa cha mezani cheupe chenye maua. Pedi mbili, sidi sita, elfu tano. Nilitaka kuona mgongo wake, kwa sababu mashine ikifunguliwa na fundi mbaya, parafujo za nyuma ndizo zinasema. Msichana akaniambia picha haigeuki. Nikamwambia ajaribu. Hakujaribu, akanipa namba.

Nikaiweka kwenye simu yangu kwa jina la Mashine Bungoma, nikapiga.

"Wewe ndiye unauza mashine?"

"Ndio, mathe."

"Kwa nini unaiuza? Imeibwa?"

"Haijaibwa, mathe. Nina shughuli ya nyumbani."

"Kila mwizi ana shughuli ya nyumbani."

Akacheka. Sauti yake ilikuwa nzito na haikuwa na haraka. "Elfu tano, mathe. Bei ya mwisho."

"Bei ya mwisho anaambiwa mtu wa mwisho. Mimi ni wa kwanza. Elfu mbili."

"Elfu mbili hata waya hupati."

"Waya niko nayo. Niuzie mashine."

Tulipigiana simu siku tano. Mimi nikinunua kitu nakinunua kwa mdomo kwanza, ndivyo nilivyojifunza, na huyo kijana nilimpa mdomo wote. Nilimwambia parafujo za nyuma zimekulwa, na sikuwa nimeziona. Nilimwambia mama yake hakumfundisha kazi. Nilimwuliza kama amelelewa na watu ama na ng'ombe. Yeye alikuwa anajibu kidogo, anacheka, anashuka mia mbili.

"Mathe, wewe una mdomo," aliniambia siku moja. "Bibi yangu anasema mama yake ako hivyo hivyo."

"Basi bibi yako alilelewa vizuri."

Tukafika elfu nne. Alitaka nitume pesa kwa simu, yeye atume mashine kwa basi. Nilimwambia mimi siwezi kulipa picha. Nitakuja mwenyewe, niiwashe, icheze mpaka nusu ya kwanza ya mpira iishe, ndio nitoe pesa. Akasema sawa, nije nyumbani kwake, stima iko. Akanielekeza: nipite posho mill, pale wanasaga unga, nyumba za kupanga zenye lango la buluu, mlango wa nne.

Nilienda Jumatano. Pesa ilikuwa ndani ya soksi. Nikapita posho mill, nikaona lango la buluu, nikahesabu milango, nikabisha wa nne, na kama kawaida yangu sikungoja, nikaanza kuingia.

Mlango ulifunguliwa na binti yangu. Mikono yake ilikuwa na sabuni.

Tuliangaliana. Yeye aliangalia chini, akaona mguu wangu wa kulia uko ndani ya nyumba.

"Mama," akasema polepole, "toa mguu."

Nikautoa. Ndani, nyuma ya pazia, kiti kilianguka. Halafu nikasikia mlango wa nyuma, na kupitia dirisha la pembeni nikaona mtu anakimbia kuelekea vyoo. Nilimjua kwa mgongo. Lilikuwa shati lile lile la mistari.

Nieleze kwa wale si wa kwetu. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawaonani. Wakikutana njiani mmoja anatoka njiani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na mama mkwe haingii nyumba ya mkwe wake mpaka mahari iishe na aitwe kwa njia yake. Ndiyo maana sikuwa naijua nyumba ya binti yangu. Na mimi nilikuwa nimekaa siku tano nikimwuliza mkwe wangu kama amelelewa na ng'ombe.

"Nani amekuonyesha hapa?" binti akauliza.

"Nimekuja kununua mashine."

Aliweka mikono kichwani na sabuni yake yote. "Ni wewe? Yule mathe wa Kitale ni wewe?"

"Alikuambia nini juu yangu?"

"Aliniambia kuna mama mmoja anatukana kama ana leseni."

Nilitaka kukaa chini lakini hakukuwa na kiti nje. Simu yangu ikalia. Niliangalia, imeandikwa Mashine Bungoma. Nilisimama na simu ikilia mkononi, sijui nifanye nini. Kuongea na mkwe kwa simu ni kumwona ama si kumwona? Wazee walioweka haya mambo hawakuwa na simu. Nilimpa binti, akaongea kidogo, akafunga.

"Anasema alipiga bila kufikiria. Anasema pole."

"Mwambie pia mimi pole. Mwambie yale ya ng'ombe hayakuwa yake, yalikuwa ya bei."

Akazunguka nyuma ya vyoo akamwambia. Akarudi. "Anasema ameelewa. Anasema unataka kuijaribu?"

Mtu mwingine angerudi Kitale hapo hapo. Lakini mimi nilikuwa nimebakisha siku tisa shule zifungwe, na mashine ilikuwa hatua tano kutoka nilipo. Nikasema ndio. Kuingia siwezi, kwa hivyo binti alitoa televisheni nje, akaiweka juu ya kigoda, akavuta waya kupitia dirishani. Mimi nikasimama chini ya ukingo wa paa. Majirani walitoka wote. Mkwe wangu alikuwa nyuma ya vyoo, akiuliza kila mara kwa sauti kama inasoma, na binti anamjibu kwa sauti inasoma, na mimi naangalia ukuta kama sisikii. Binti alishika pedi. Hata sikujua anajua kucheza. Akacheza nusu nzima, akafunga mawili. Nikageuza mashine nikaangalia parafujo. Zilikuwa safi kabisa.

Nikatoa soksi. Binti akanishika mkono.

"Mama, hawezi kuchukua pesa yako. Kwanza wewe ni mama. Pili, unajua anaiuza kwa nini? Baba mkubwa wa Matulo ametaka mbuzi wa mwisho. Hii mashine ndiyo mbuzi."

Ilinichukua muda. Nikinunua mashine, pesa yangu inanunua mbuzi, mbuzi anaenda kwa shemeji, na hivyo nimemlipia binti yangu mahari mimi mwenyewe. Hilo halijawahi kusikika.

"Anasema uichukue tu," binti akaendelea. "Bure."

"Mimi siombi."

"Mama, haujaomba."

"Na nikichukua bure, imekuwa nini? Kitu kikitoka kwa mkwe bure ni mahari. Mahari ni ya ukoo. Shemeji atakuja Kitale na gunia aibebe aende nayo. Atasema ni mbuzi wa pili."

Binti alijua ni kweli. Nikinunua ni mwiko, nikipewa si yangu. Mashine imesimama pale juani, inafanya kazi, na hakuna njia ya mimi kuipata. Binti alinipa chai nikanywa nimesimama, nikarudi Kitale na soksi yangu.

Siku mbili sikufungua chumba. Nilikuwa nafikiria. Siku ya tatu niliona kwamba lile jambo lililonisumbua juu ya mtandao, kwamba muuzaji hana uso na mnunuzi hana uso, ndilo lingeweza kunitoa. Nikaenda saiba.

"Kuna mashine Bungoma," nikamwambia yule msichana. "Inunue."

"Mimi? Nimnunulie nani?"

"Yeyote. Ikifika iweke hapa kwako, uicheze siku mbili, watu wapite waone ni yako. Halafu iweke kwa mtandao uiuze. Kama kuna mtu Kitale anatafuta mashine, ataiona."

Aliniangalia sana. "Na huyo mtu ni wewe."

"Mimi sijui. Mtandao hauna uso."

Walivyoelewana na yule wa Bungoma sikuuliza. Nilikataa kujua. Mashine ilikuja na basi Jumatatu, ikakaa juu ya meza ya saiba siku mbili, watu wakacheza, na Jumatano nilikuja nikakaa kwenye kompyuta ya mwisho, nikalipia dakika zangu kama mteja mwingine yeyote. Nikaiona. Kitambaa kilikuwa kingine. Bei elfu tano.

Nikainuka, nikatembea hatua sita mpaka kwa meza yake.

"Nimeona unauza mashine."

"Ndio, mama."

"Elfu tatu."

"Sawa."

Nilishangaa. Mimi nimenunua vitu tangu niwe msichana na sijawahi kusikia sawa ya haraka hivyo. Kitu ambacho hakikubishaniwa hakijanunuliwa, kimepeanwa.

"Hapana," nikamwambia. "Huwezi kusema sawa. Kataa."

"Mama, nimekubali."

"Kataa kwanza."

Akavuta pumzi. "Haya. Elfu nne na nusu."

"Elfu tatu."

"Sawa."

Nikamwambia aongeze tena, akakataa kuongeza, akasema kuna watu wanangoja kuchapisha barua. Kwa hivyo nililipa elfu tatu, mbele ya watu, kwa sauti. Lakini nilijua, na yeye alijua ninajua. Mtu fulani alikuwa amemwambia: achukue kile mama atatoa. Na mimi na yule mtu tulikuwa tumefika elfu nne kwa simu, kwa jasho letu.

Shule zilifungwa Ijumaa. Jumamosi viti vilijaa. Mwenye nyumba alipita, akahesabu vichwa kwa macho, akaenda kumwambia mtu wake hakuna stoo.

Shemeji alikuja katikati ya mwezi wa nane. Alikuwa amezeeka, lakini kofia ilikuwa ile ile. Alikaa nyuma akaangalia watu wakicheza mpira kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Shemeji, hii mashine imetoka wapi?"

"Kwa msichana wa saiba."

"Na msichana wa saiba aliitoa wapi?"

"Muulize."

"Nimetoka kumwuliza. Anasema mtandao." Akatoa kofia akaiweka gotini. "Kijana wetu wa Bungoma alileta mbuzi wiki iliyopita. Nikamwuliza pesa umetoa wapi, akasema ameuza mashine. Ulinunua hii ngapi?"

"Elfu tatu."

"Mashine kama hii ni ngapi?"

Vijana wawili waliokuwa wanacheza wakajibu kwa niaba yangu, bila kugeuka, kwamba ni elfu tano.

"Sasa," shemeji akasema, "zile elfu mbili zimetoka kwa nani?"

Nilifungua mdomo. Mdomo huu umeshindana na kanjo, na Wahindi, na wenye mabasi, na siku hiyo ulifunguka ukabaki wazi. Kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza. Kama zimetoka kwa msichana wa saiba, kwa nini anipe? Kama zimetoka kwa mkwe, ni mahari. Kama hazikutoka popote, basi mashine ni ya elfu tatu, na kila mtu anajua si ya elfu tatu.

"Nilibishana bei," nikasema mwisho.

"Na nani?"

Hapo tena sikujua.

Shemeji alisimama. Alienda mbele, akainama, akachomoa pedi moja polepole, akazungusha waya wake vizuri kama mtu anayekunja kamba ya ndama. Akasema yeye si mtu mbaya, hawezi kuchukua yote, kwa sababu elfu tatu nimelipa kweli. Atachukua sehemu ya ukoo tu. Akaiweka ndani ya koti akaenda Matulo.

Kwa hivyo shemeji alipata mbuzi wa pesa yangu na pedi juu. Siku hiyo mpira ulichezwa na mtu mmoja mmoja akishindana na mashine. Jumatatu nilirudi saiba kutafuta pedi iliyotumika, na safari hii nilimwuliza muuzaji maswali mawili kabla ya bei: wewe ni wa ukoo gani, na bibi yako ametoka wapi. Alinikatia simu. Wa pili pia alinikatia. Wa tatu alikuwa mwanamke wa Eldoret, hajaolewa, nikanunua kwake.

Binti yangu anasema ile pedi imening'inizwa ukutani Matulo, chini ya picha ya marehemu, na wageni wakiuliza shemeji anawaambia ni ya mahari. Mkwe wangu alimaliza mambo yake yote, na niliitwa kwa njia yake, na leo naingia ile nyumba. Yeye akinisikia nakuja anatoka kwa mlango wa nyuma. Uso wake bado siujui. Sauti ninaijua vizuri. Namba yake iko kwenye simu yangu, na jina sikubadilisha.

Leo nina robo tatu ya ekari Saboti, iliyo na hati kwa jina langu. Nina nyumba ya matofali ya vyumba vitatu. Nina vyumba vinne vya kupangisha Kipsongo, vya mabati lakini sakafu ni simiti. Nina ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa. Nina televisheni tatu, mbili zinafanya kazi. Nina viti kumi na viwili vya plastiki, cherehani moja, na sufuria ile niliyotoka nayo Matulo. Nina pedi moja niliyonunua Eldoret. Na juu ya kabati kuna mashine moja ya gemu, haiwaki tena, ambayo ama niliinunua ama nilipewa.